Zimebaki wiki nne na mbio ni kilomita 21: mwongozo kwa mkimbiaji wa Lamu

Huanza hivi. Mtu amekulipia kiingilio bila kukuuliza, au vijana wa mtaani wameamua kwenda Mombasa au Nairobi kukimbia nusu marathoni na jina lako limo kwenye orodha. Ukihesabu siku unakuta zimebaki 28. Mara ya mwisho kutokwa jasho la maana ilikuwa kandanda ya kabla ya Ramadhani.

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Anayeanza kwa utaratibu hujipa wiki kumi hadi kumi na mbili. Wewe unazo nne, na hizo zilizopotea hazilipiki kwa kukimbia maradufu. Zoezi gumu halionyeshi faida kesho yake. Mwili huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili kulifanyia kazi. Kwa hiyo katika wiki zako nne, ni mbili na ushei tu zinazoweza kukuongezea pumzi. Siku zinazobaki ni za kujitunza ufike mstarini ukiwa mzima.

Mimi nililipuuza hilo mwaka wangu wa kwanza. Siku nne kabla ya mbio roho iliniambia sijajiandaa, nikaenda kilomita 18 kwenye mchanga wa Shela ili niitulize. Ikatulia kweli. Lakini vigimbi vilikaza kama kamba ya tanga, na siku ya mbio nilitembea kutoka kilomita ya 9 hadi mwisho, nikipitwa na akina mama wawili waliokuwa wakipiga soga la harusi. Nilisikia habari za harusi ile mpaka bei ya mchele.

Hatua ya 1: Jipime kesho alfajiri

Ukishasali, anzia uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, fuata njia ya ufukoni kuelekea kusini, pita hospitali ya King Fahd, ufike Shela kisha urudi. Ni kama kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Usishindane na mtu. Mwendo sahihi ni ule ambao mwenzako akikuuliza jambo unamjibu kwa sentensi nzima. Ukijibu neno moja moja, umezidisha.

Ukienda na kurudi bila kusimama, endelea na mwongozo huu. Ukilazimika kutembea hapa na pale, endelea pia, ila kwa kuchanganya kukimbia na kutembea kama nitakavyoeleza. Ukishindwa hata kufika Shela, waombe waandaaji wakuhamishie mbio za kilomita 10. Mara nyingi zipo, na hakuna atakayekucheka isipokuwa yule ambaye yeye mwenyewe hakimbii.

Mwenye presha, sukari, pumu, mja mzito, au mtu ambaye kifua humbana akipanda ngazi, aanzie kwa daktari.

Hatua ya 2: Ijue bahari kabla ya kuijua saa yako

Mkimbiaji wa Eldoret huangalia kalenda. Wa Lamu huangalia mwezi. Mji wetu hauna barabara ya lami ya kukimbilia. Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, ni mwembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shehena wakikutana, wewe utaingia dukani kwa mtu. Kiwanja chetu cha mazoezi ni ufuo, na ufuo hufunguliwa na kufungwa na maji.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hesabu hiyo ndogo ndiyo itakayokupangia mwezi mzima. Ikiwa leo saa kumi na mbili asubuhi maji yametoka na ufuo ni mpana, baada ya wiki moja saa hiyo hiyo yatakuwa yamejaa. Mtu anayejiwekea ratiba ya "kila siku saa kumi na mbili" atajikuta siku kadhaa akikimbia kwenye mchanga mkavu wa juu ambako maji hayafiki, ule unaomeza mguu mpaka kifundo. Mchanga wa namna hiyo si mchezo: wanasayansi waliopima wamekuta kuwa kuukimbia kunakula nguvu karibu mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu. Kilomita 10 zako zimekuwa 16 na wewe hujui, unajiona tu mzembe.

Zaidi ya hayo kuna bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo njia ya kati ya mji na Shela huweza kuguswa na maji ukakwama upande wa pili. Nimewahi kukwama hivyo. Nahodha mmoja mzee aliyekuwa akiziba nyufa za mtumbwi wake alinitazama nimesimama na viatu mkononi, akasema, "Mwanangu, ulipotoka kwenu hukuangalia mwezi?" Nilingoja naye, akanipa kahawa na mawaidha. Kwenye maji mafu, siku za nusu mwezi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, unapata ukanda wa wastani kwa muda mrefu zaidi.

Basi fanya hivi: keti na mvuvi au nahodha mara moja tu, akutajie saa za maji kupwa kwa wiki nne zijazo, uandike. Panga mbio ndefu siku ambazo maji yanatoka alfajiri au jioni. Siku ambazo bahari imekunyima, kimbia njia ngumu ya mbele ya mji, gatini kwenda na kurudi. Inachosha akili, lakini ni nzuri kwa miguu, kwa sababu mbio zenyewe zitakuwa kwenye lami. Mazoezi mawili kwa wiki yawe mahali pagumu. Anayefanya yote kwenye mchanga hufika mjini akashangaa magoti yanavyogongwa.

Ukipita mbele ya hoteli ya Peponi ufuo wa Shela unafunguka, unanyooka kama kilomita 12. Kimbia kwenye mchanga mbichi, ule ambao unyayo wako unaacha alama lakini hauzami. Una mteremko kuelekea baharini: ukienda, mguu wa kushoto unakuwa chini, ukirudi, wa kulia. Kwa hiyo usikimbie kwenda tu halafu ukarudi kwa boti. Rudi kwa miguu, nyonga zipate haki sawa. Na pepo nazo zina hesabu yake. Wakati wa kusi upepo unakupiga usoni ukienda na kukusukuma ukirudi, jambo jema. Wakati wa kaskazi unakusukuma ukienda. Utajiona shujaa, utakwenda mbali kuliko mpango, kisha urudi ukipambana na upepo na jua pamoja. Kaskazi geuka mapema.

Usiende peke yako mbali na watu, na mwambie mtu wa nyumbani utarudi saa ngapi.

Hatua ya 3: Wiki tatu za kazi

Mazoezi manne kwa wiki yanatosha. Matatu ni mepesi, moja ni refu. Siku nyingine ni za kupumzika au kutembea.

Wiki ya kwanza: dakika 30 hadi 40 mara tatu kwa mwendo wa mazungumzo, na Jumapili kilomita 10. Wiki ya pili: hivyo hivyo, ila katika zoezi moja jipashe moto dakika 10, kisha kimbia dakika tatu kwa kasi ambayo unaweza kusema maneno mawili matatu tu, pumzika kwa kutembea dakika mbili, urudie mara tano. Jumapili kilomita 13. Wiki ya tatu: mazoezi mepesi mawili, lile la kasi mara moja, na Jumamosi, siku nane kabla ya mbio, kilomita 15 au 16. Hapo ndipo mwisho wa urefu. Usitafute kufika 21 mazoezini. Aliyefika 16 bila kuumia ataimaliza 21 akisukumwa na watu. Aliyejaribu 21 wiki moja kabla huenda mbio zake amekwisha kuziacha mchangani.

Kuchanganya kukimbia na kutembea si udhaifu, mradi uanze mapema. Kimbia dakika tisa, tembea moja, tangu mwanzo. Siku ya joto kali, nne kwa moja. Anayesubiri kuchoka ndipo atembee, huyo hatembei, anaburura.

Maumivu ya misuli pande zote mbili, yanayopungua ukipata moto, vumilia. Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, kwenye ugoko, goti au kano ya kisigino, na yanayokufanya uchechemee, simama siku mbili tatu. Katika mpango wa wiki nne, kukosa siku tatu hakukudhuru kitu. Kukimbia siku tatu ukiwa umeumia kunaweza kumaliza safari nzima.

Watu wataniuliza kuhusu kukimbia peku. Ufuo wetu unashawishi. Ikiwa hukuzoea, dakika tano mwishoni mwa zoezi, si zaidi. Vigimbi na kano vinahitaji miezi kuzoea, na wewe miezi huna.

Neno kuhusu mavazi na adabu. Mwanamume avae bukta inayofika magotini na fulana anapopita mitaani. Ufukoni mbali ni shauri lake. Mwanamke anayekimbia Lamu, na wapo, huona nafuu alfajiri kabla mji haujachangamka, na suruali pana nyepesi, mikono mirefu na mtandio wa kitambaa kinachokauka upesi. Ajaribu mavazi hayo hayo kwenye mbio ndefu, kwa sababu kitambaa kisichokuwa na shida kwa kilomita tano hukwaruza kwenye kumi na tano. Salimia wazee ukipita, japo kwa kuinua mkono. Punda mpishe, hajui kama una mbio.

Hatua ya 4: Jasho na maji

Sisi wa pwani tuna hewa nzito ya oksijeni kuliko watu wa Iten, wanaoishi juu ya mita 2,000. Tunachokosa ni ubaridi. Hewa ya Lamu imejaa unyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo hapa mwendo ule ule unapandisha mapigo ya moyo zaidi. Usishindane na saa mazoezini, shindana na pumzi yako. Faida yake ni kwamba mwili huzoea joto kwa takriban siku kumi hadi kumi na nne za kutoka jasho, na mtu wa Lamu huenda Mombasa amekwisha kuzoea wakati mwenzake wa Nairobi anaungua. Ukienda Nairobi mambo yanageuka: mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, utahema mapema. Anza polepole zaidi ya ulivyozoea.

Kunywa ukisikia kiu. Wapo wanaoamini kwamba kunywa maji mengi ni usalama, wakanywa kikombe kila kituo mpaka tumbo linalia. Maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu, na watu wamekufa kwenye marathoni kwa sababu hiyo. Mafunda machache kila kituo yanatosha. Kwa mbio ndefu za mazoezi, dafu ni zuri baada ya kumaliza, ila lina chumvi kidogo. Kula nalo kitu chenye chumvi. Au tengeneza ule mchanganyiko wa zahanati: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.

Zikiangukia Ramadhani wiki zako, kimbia mwisho wa alasiri, umalize wakati muadhini anakaribia kupanda, au baada ya tarawehe. Mbio ndefu ziwe usiku. Asiyeweza hivyo aahirishe mbio, zitakuwepo mwakani.

Viatu

Hapa sina maneno mengi. Raba ulizonazo, kama hazijakuumiza, ndizo. Ukinunua, nunua wiki hii ya kwanza, si ya mwisho. Za mitumba zikunje na uvute soli: gundi kuukuu huachia kwenye joto. Ukubwa uwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu miguu huvimba. Toa mchanga baada ya kila zoezi, punje moja inatosha kukutoa lengelenge.

Hatua ya 5: Wiki ya mwisho, fanya kidogo

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Punguza kilomita ziwe nusu au chini ya nusu. Jumatatu pumzika, Jumanne dakika 30, Alhamisi dakika 20 na ndani yake mikimbio mifupi minne ya sekunde 20, basi. Utajisikia mzito, utahisi goti ambalo halikuwahi kuuma linauma, utatamani kwenda Shela kujihakikishia. Usiende. Mimi nilikwenda, nimekwisha kukueleza.

Lala. Usingizi wa siku mbili tatu kabla ya mbio una thamani kuliko wa usiku wa kuamkia mbio, ambao aghalabu hauji. Miraa na mogoka weka kando wiki nzima: vinaiba usingizi na hamu ya chakula, na vinapandisha mapigo ya moyo, vitu vitatu unavyovihitaji vikiwa shwari.

Chakula kisiwe cha ajabu. Siku mbili za mwisho ongeza wali, mkate wa mofa, viazi vitamu, ndizi na tende, upunguze nyama na mafuta. Kama ni wali wa nazi, tui liwe jepesi. Biriani ya usiku wa mwisho ni kosa la mapenzi: wenyeji wako wa Mombasa watataka kukukirimu, na wewe utakimbia ukitafuta choo. Waambie mapema, "Mama, niwekee biriani yangu ya kesho."

Safari nayo ni sehemu ya mazoezi. Boti mpaka Mokowe, kisha basi saa nyingi. Usifike usiku wa kuamkia mbio. Fika angalau siku moja kamili kabla. Kila basi linaposimama, Witu, Garsen, Malindi, shuka utembee. Namba yako ya mbio, viatu na bukta viwe kwenye mfuko ulioupakata. Nguo nyingine hazina neno zikipotea kwenye buti.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Amka zikiwa zimebaki saa tatu mbio zianze. Kula ulichokizoea: mkate na asali, ndizi, chai ya rangi yenye sukari. Mahamri moja halitaua mtu, matano yatajitokeza kilomita ya sita. Kahawa kama ni desturi yako kunywa, kunywa. Kama si desturi, leo si siku ya kujifunza. Jipake mafuta ya mgando kwapani, mapajani, kwenye chuchu na kati ya vidole vya miguu. Usimeze brufen au diclofenac kuzuia maumivu yasiyokuwepo, kwa sababu dawa hizo na mwili uliokauka huweza kuumiza figo.

Simama nyuma. Bunduki ikilia umati utakwenda kama maji ya bamvua, waache. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, la kuiga si kasi yake, ni usawa wake: kilomita kwa kilomita alikuwa karibu na 2:50, mwanzo na mwisho. Wewe chukua dakika 7 kwa kilomita, umalize kwa saa 2 na dakika 28 hivi. Au 8, iwe saa 2 na dakika 49. Kilomita tano za kwanza zifanye ziwe za polepole kuliko unavyotamani. Kichomi kikikubana mbavu, punguza mwendo, toa pumzi kwa nguvu kila mguu mmoja unapotua.

Kuanzia kilomita ya 15 au 16 utaingia nchi ambayo hujawahi kufika. Hapo usihesabu zilizobaki zote. Hesabu mpaka kituo kijacho cha maji. Ukianza kuhisi baridi juani, kuyumba, kutapika au kuchanganyikiwa, simama, kaa kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni, ita msaada. Na ukimwona mwenzako anayumba, acha mbio umshike.

Baada ya mstari

Usikae chini mara moja. Tembea dakika kumi, kunywa, kula kitu chenye chumvi ndani ya saa moja. Usirudi Lamu kwa basi la mchana huo huo kama unaweza kulala.

Na ukirudi nyumbani, maumivu makali huja siku ya pili, si ya kwanza. Nyumba zetu za mawe zina ngazi zilizosimama wima kama mlingoti. Kupanda utapanda. Kushuka, geuka ushuke kinyumenyume huku umeshika ukuta, au omba utandikiwe chini kwa siku mbili na usijali watoto wanasema nini.